Kaka yangu aliandikwa "Amefariki" kwa sababu type ziliandikwa mara mbili

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yametokea nyumbani kwetu Muleba, sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu.

Mimi ni developer, nakaa Bukoba mjini. Nyumbani ni Kagoma, kwa mama. Ukoo wetu una chama cha kuzikana, na vijana wawili wa ukoo walikitengenezea app. Deus alishika backend, kule taarifa zinakohifadhiwa, Anselm akashika frontend, yaani kinachoonekana kwenye simu. Mwanachama akipatwa na jambo, wote mnaona kwenye simu.

Kaka yangu Kamugisha alikuwa amehamia Goziba kuvua. Kwa msioijua, ni kisiwa, hufiki ila kwa boti, na mtandao huko ni wa kubahatisha.

Katibu wa chama akaingia kwenye system kubadilisha hali yake. Akachagua "Amehama".

Simu zetu sote zikasoma: Kamugisha, Amefariki.

Nikampigia kaka, hapatikani. Katibu naye alipoona ujumbe akadhani mwenyekiti kapata habari mpya baada yake na kubadilisha. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Msiba ukiingia nani anauliza?

Nilifika nikamkuta mama amekaa chini, kitambaa kiunoni, sauti imemkauka. Majirani walishaleta ndizi na kuni. Watu walishatumwa mwaloni, boti zinapofikia, kusubiri boti ya mwili.

Kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja cha nyumbani, kati ya migomba. Nilichimba mwenyewe na binamu zangu. Wakuu, kumchimbia ndugu yako kaburi ni kitu sitaki kukisimulia sana.

Kesho yake boti ikafika. Kaka akashuka kwa miguu yake. Mtandao uliporudi kule kisiwani alikuta anapewa pole za msiba wake mwenyewe, akadandia boti ya kwanza.

Mama alipomwona alianguka. Alipozinduka akamshika uso kwa mikono miwili, "Mwana wange, mwana wange," hakusema lingine.

Lakini kaburi lilikuwa wazi. Na kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wazee wakakata mgomba, wakaulaza mle, tukaufukia. Kaka aliambiwa akae ndani asiangalie. Mimi nilitupia udongo kwa hasira, sijui hata nilimkasirikia nani.

Baadaye nikaomba kuiona code.

Hali ya mwanachama ilihifadhiwa kwa namba: 0 Yupo, 1 Mgonjwa, 2 Amefariki. Deus akaongeza "Amehama" katikati, ikawa 2, na Amefariki ikasogea kuwa 3. Kwenye type zake, yaani orodha inayosema kila namba ina maana gani, akabadilisha vizuri, database akarekebisha, na ukurasa wa katibu pia.

Ila app ya wanachama ilikuwa ya Anselm, na yeye alikuwa na nakala yake ya type zile zile, aliyoichapa kwa mkono mwanzoni kabisa. Kwake 2 bado ilikuwa Amefariki.

TypeScript, lugha iliyoandikiwa app, haikulalamika popote. Italalamika nini, wakati kila faili likiwa peke yake liko sawa?

Sasa hivi type zote ziko kwenye package moja, backend na frontend zina-import hapo hapo. Ukibadilisha na mwenzako hajafuata, build yake inagoma, app haitoki. Namba nazo tumeachana nazo, hali zinaandikwa kwa maneno. Ilikuwa kazi ndogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Vijana walikuja kuomba radhi. Mama akawapa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, kisha akauliza ni nani aliyekosea.

Deus akaeleza kwamba upande wake ulikuwa sahihi. Anselm naye akaeleza wa kwake. Na wakuu, hakuna aliyedanganya.

Mama akasema, "Kwa hiyo mwanangu nimemlilia akiwa hai, na kila mtu alikuwa sahihi?"



Nilichojifunza: jambo moja likiandikwa sehemu mbili, ipo siku zitapishana, na anayeumia siyo aliyeandika. Kama system yako inagusa watu, ifungue leo uangalie.

Uzi uko wazi, karibuni mchangie. Ila yule wa "mimi upande wangu uko sawa" asianze yeye.