Pakanga Iliyokataa Maji

Nakumbuka asubuhi moja ya soko la Katito, mwanangu, nimesimama mbele ya mama mzee wa Kipsigis na kijiti kilichooza mkononi, aibu imenipanda mpaka masikioni. Lakini ngoja nirudi nyuma, maana mimi kila hadithi huianzia katikati.

Nilikuwa nimeolewa Nyakach mwaka uleule. Kwetu ni Seme, ufuoni kabisa mwa ziwa, kwa hiyo bomani nikaitwa Nyar Seme, binti wa Seme. Mama mkwe wangu alikuwa na shida moja: fukusi walimtobolea ndengu za mbegu, na kila msimu akawa anaomba mbegu kwa majirani. Mwanamke aliyezaa watoto tisa, kuomba mbegu. Nami kwa kutaka kupendwa nikasema mbele ya wanawake wote wa boma kwamba nitampandia pakanga. Ni ule mmea wa milimani wenye majani ya kijivu, machungu, yanayonuka mpaka pua inashtuka. Waliosoma wanasema ni ndugu wa alizeti, ingawa maua yake ni madogo kama vichwa vya pini. Mimi sikusoma, nawaamini tu. Majani yakikaushwa na kuchanganywa na ndengu mtungini, fukusi hawapendi kukaa.

Mama mkwe akanipa kipande cha shamba nyuma ya ghala. Akasema mvua ya mwaka wa pili ikifika bila kitu, anarudisha mtama wake pale, na hataki tena kusikia maneno ya Seme.

Udongo wa huko ni ule mweusi unaoshika maji. Mbegu za pakanga ni laini kama ugoro, nami nikazichimbia mashimo kama mahindi na kukanyaga kwa kisigino. Haikutoka hata moja. Nikapanda vijiti, nikavimwagilia asubuhi na jioni. Vikaanza kuoza, nikaongeza maji. Wake za mashemeji wakawa wananiuliza kama nachimba kisima.

Ndipo nikaenda Katito. Yule mama aliteremka kila siku ya soko na mafungu ya pakanga. Tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Akanusa kijiti changu, akatazama miguu yangu yenye tope.

"Wewe ni wa ziwa?"

"Ndiyo, Kogo."

"Inaonekana. Unalea pakanga kama samaki."

Akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza, akasema polepole, "Kwetu inakaa kwa mawe, na hakuna mtu anaipelekea maji. Wewe unaipa kile unapenda wewe."

Akanieleza yote. Changanya udongo na mchanga na kokoto, uinue tuta. Kata vijiti vya urefu wa kiganja visivyotoa maua, ondoa majani ya chini, chomeka. Maji kidogo mpaka vishike. Baadaye tia kidole, na udongo ukiwa bado na ubaridi, rudi nyumbani. Mbegu usizifukie, zinataka mwanga, zibonyeze tu. Mmea ukikua, kata ncha utoe matawi.

Nikabeba mchanga wa mto kwa karai siku tatu, nikachomeka vijiti vipya alivyonipa Kogo. Hiyo haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuacha kumwagilia. Mara ngapi nilibeba debe nikageuka njiani!

Mvua ya mwaka wa pili ilikuta vichaka vimenifika kifuani. Tukakausha majani, tukayachanganya na ndengu mtungini, na msimu uliofuata mama mkwe alifungua mtungi mbele ya boma zima, akamwaga ndengu kwenye ungo. Nzima zote, zinang'aa. Mwaka huo majirani ndio waliokuja kwetu kuomba mbegu, na ungo alinipa mimi niushike. Siku hizi watoto wa vichaka vile wako mpaka mtaa wa Obunga mjini, ndani ya mikebe iliyotobolewa chini.

Basi, mwanangu, ukiletewa kitu kutoka mbali, kiwe mmea au mke wa mwanao, uliza kwanza kiliishi vipi kilikotoka, kabla hujakijaza upendo wako. Na kikikushinda, ipeleke aibu yako mapema kwa anayejua. Mimi nilichelewa nusu ya mwaka. Mungu aubariki mkono wako, unachogusa kishike, na uzeeke ukiwa mtu wa kuulizwa.