Masini Tatu na Mukono ya Bibi Yangu

Mbele kampuni ianguke hapa Likasi, bibi yangu, mwanamuke mwenye nilioa, alikuwa dakitilo mu biro ya ile kampuni. Alipiga masini ya kuandika miaka makumi mbili, na bidole yake ilikuwa na nguvu ya kupasua mawe ya Kakontwe. Siko naongopa. Akigonga herufi moja, kuku ya jirani inataga. Akifika mwisho ya mustari, masini inalia ngriing! Mukono yake ya kushoto inapanda, inasukuma kile chuma ya kurudisha mustari kwenda kuume, na mustari mupya inaanza. Hata mu ndoto alikuwa anasukuma. Minye njo nilikuwa naanguka chini ya kitanda.

Biro ilipofungwa, balimupa ile masini pahali pa mushahara. Alitia meza mbele ya nyumba, akaandikia batu barua. Kisha herufi e ilikatika. Kifaransa bila e ni bukari bila unga: unabakia na mayi ya moto.

Hivi direktere wa masomo moja ya batoto ku Mulungwishi alimutumia neno. Maulizo ya examen, mutihani ya banafunzi, alikuwa anataka iandikwe ku ordinatere, njo kompyuta, itiwe mu diskete, kale kaplastiki kenye kumeza maneno. Kama bibi yangu anapata ordinatere mbele ya siku ya kwanza, njo Jumatatu, kazi ni yake mwaka muzima, na batamulipa mahindi. Kama hana, kazi inaenda Lubumbashi. Kuandika ku ordinatere alijifunza kidogo mu biro. Alikosa tu masini yenyewe.

Minye nilikuwa na kintu moja ya bei: kinga yangu, ile batu bengine banaita baisikeli. Nilikuwa naenda nayo ku ziwa ya Tshangalele kuleta samaki. Ilibeba samaki mingi sana, mupaka ilikuwa karibu kujua kuogelea.

Mu mutaa yetu kulikuwa mufanyabiashara moja, mutu wa kanisa ya maombi. Alileta ordinatere tatu kutoka Zambia, zile za kubeba, zenye kufunga kama kitabu. Tulienda kwake na kinga.

"Bwana asifiwe, papa! Bwana asifiwe, mama!" alitusalimia.

"Ameni. Tuonyeshe."

Alizipanga ku meza. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa kama kiatu ya pasteur. Ya mwisho ilikuwa kubwa kama valisi ya mutu anahama. Ya katikati ilikuwa ya rangi ya majivu tu, sura ya shemeki yenye hakuna mutu alimualika. Nilitosha mizani yangu ya samaki, nikatia ndoana yake ku ile kubwa.

"Papa, unafanya nini?"

"Napima. Hapa Likasi kintu ya nguvu iko nzito. Malashiti, ile jiwe ya shaba, nyepesi uliona wapi?"

"Hii haiko samaki, papa!"

"Hata samaki inatudanganya na mayi mu tumbo."

Bibi yangu alisema: "Tata, tosha ndoana yako mu bintu ya batu. Nguvu haiko mu kilo. Muache niandike."

Alianza na ile nyembamba, nyeusi. Bidole ilikimbia kama mvua ku mabati. Alifika mwisho ya mustari, na mukono ya kushoto ilipanda yenyewe. Paa! Masini iliruka. Nilijitupa kama golikipa wa ekipe ya taifa, nikaikamata kidole moja mbele ya simenti.

"Mama!" mwenye masini alilia. "Ordinatere haina kile chuma! Mustari inarudi yenyewe!"

"Najua, mupendwa. Ni mukono njo haijui."

Ile tuliiacha: nyepesi hivi, ningejitupa kila mustari. Ile kubwa alipiga, haikutingika. Ni mukono njo ilivimba. Lakini mwenye masini alitaka kinga, mbuzi mbili na masini ya kushona. Na batri yake, unafunga macho kwa maombi, mbele useme ameni imekufa. Na kwetu kuran, ile umeme ya waya, ilikuwa kama mugeni: inasalimia, inaenda.

Ilibakia ya katikati. Bei yake kinga tu. Bibi yangu aliandika, mukono ikapanda, paa! Minye nilikuwa ningali nacheka ile kubwa, sikujitupa. Ilianguka chini, kona moja ikavunjika.

"Mumeinunua!" mwenye masini alisema.

Bibi yangu alipiga magoti, akaiinua. Maneno yake yote ilikuwa mu kioo, hata alama ya virgule haikutoka pahali pake. Hakuangalia mwenye masini. Aliniangalia minye, kisha aliangalia inje, pahali kinga ilikuwa inaegemea ukuta.

"Kinga njo inatukulisha," nilimuambia pole pole.

"Kinga inaleta samaki ya leo, tata. Hii italeta mahindi ya mwaka."

Niligeukia mwenye masini: "Weye unaniuzia masini yenye kuvunjika kona? Basi, kinga nayo itavunjika kona." Nilikamata ufunguo ya boliti, nikafungua portbagaje, ile chuma ya nyuma yenye nilikuwa nafungia samaki.

"Papa, uko mubaya!" Alicheka mupaka machozi, akapanda kinga yangu. Ilienda matako wazi, kama kuku yenye banatosha manyoya. Niliiangalia mupaka ku kona ya barabara. Nilimuambia bibi yangu ni vumbi iliniingia mu macho. Ilikuwa wakati ya mvua.

Ku nyumba nilisimamisha portbagaje ku meza, upande wa kuume, nikaipigilia misumari. Mukono ikipiga, masini inagonga ile chuma, teng!, inabakia.

"Sikia," bibi yangu alisema. "Inalia kama ile ya zamani." Na aliandika bila kusimama mupaka maulizo ikaisha.

Siku ya kwanza nilipeleka diskete Mulungwishi kwa miguu. Viatu vilifika, minye nilifuata kesho yake. Direktere aliishika, akainusa.

"Papa, hii diskete inanuka samaki."

"Ya Tshangalele, direktere. Haiozi."

Mahindi ilikuja. Na banasema mwaka ile hakuna mwanafunzi alichelewa kumaliza examen: kila mutu alisikia harufu ya samaki ku karatasi, akaandika mbio, akimbie kula.