Dimbwi la Msituni, Ukutani Mbotela

Shemeji yangu, mume wa dada, alilichukia dimbwi lile tangu siku nilipoliingiza nyumbani kwake, mtaa wa Mbotela, Nairobi. Lilikuwa picha tu, ndani ya fremu iliyopasuka kona, niliyoipata soko la Gikomba kwenye lundo la vyombo vya Mzungu aliyerudi kwao. Miti mikubwa imeinamia maji. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hakuna rangi. Wino mweusi basi.

"Hiyo maji iko na mbu," alisema. "Unatuletea malaria kwa ukuta?"

Dada alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikilala sebuleni kwao, ndiyo, niliacha shule darasa la saba, ndiyo, na kila kazi niliichoka kabla haijanizoea. Hayo aliyasema mbele ya wageni. Lakini picha ilikuwa yangu, kitu pekee changu mle ndani, na sikutaka iguswe.

Asubuhi, kabla hawajaamka, niliisogelea mpaka pua ikakaribia kioo. Giza la maji lilikuwa mistari myembamba kama unywele, imepishana, ikapishana tena. Na ule mwanga uliolala katikati ya dimbwi haukuchorwa kabisa. Ni karatasi tupu, mchoraji aliiacha makusudi. Jambo hilo lilinisumbua hadi nikaenda maktaba mjini. Kitabu kikanieleza kwamba picha kama zile, za karne ya kumi na tisa, zilikwaruzwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha asidi ikala palipokwaruzwa, wino ukajazwa humo na karatasi ikagandamizwa juu yake. Asidi niliijua. Nilikuwa nikichaji betri za magari kando ya Barabara ya Jogoo, na suruali yangu ilijaa matundu. Kumbe kinachokula nguo kinaweza kuchora majani ya miti.

"Mtu mzima anasimama mbele ya picha kama anangoja samaki!" shemeji alinikejeli.

Siku hizo kila sebule ilikuwa na picha ya harusi karibu na dari, bibi harusi midomo myekundu, bwana harusi mashavu ya waridi. Fundi wa studio ya picha ndiye aliyezipaka rangi kwa mkono. Picha bila rangi ilihesabiwa haijakwisha. Basi watu wa kanisa walipokaribia kuja kwetu kwa maombi, shemeji aliibeba yangu studio bila kuniuliza.

Nilitoka kazini nikaikuta mezani. Maji rangi ya bluu ya kufulia nguo. Miti kijani. Pale pa mwanga, manjano kama mafuta ya kupikia.

"Nimekumalizia, shemeji," alisema. "Sasa hata mgeni anaweza kuangalia."

Aliningoja nishukuru.

"Umeiua," nilimwambia. "Pale katikati paliachwa makusudi."

"Makusudi! Mtu anaacha katikati ya picha wazi? Huyo alichoka kazi, kama wewe."

"Wewe huna macho."

"Na wewe huna nyumba. Mlango unaujua."

Niliujua. Nilitia nguo zangu kwenye gunia. Dada alinifuata hadi uani, picha mkononi. "Ndugu yangu, angalau chukua kitu chako."

"Hicho ni cha mume wako."

Sikuwa nimefika barabarani nilipomsikia shemeji akipigilia msumari wa kuitundika, sauti ikitoka juu kabisa, karibu na dari.