Nukta Nyekundu ya Mwalimu wa Gia

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu wa Gia, na mumewe naye akalizoea jina hilo. Miaka kumi na tisa alifundisha udereva kwa gari dogo jeupe lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya kwake. Hapakuwa na kona mjini ambako hakuwahi kumpigia mtu kelele, "Taratibu, mwanangu, hatuendi kuzima moto!"

Siku aliponunua kifaa cha GPS cha kufuatilia gari, cha bei ya chee, kidogo kama kiberiti, shemeji yake, fundi umeme wa magari, alicheka akajishika mbavu.

"Shemeji, hiki nacho kitakamata mwizi?"

"Wewe kifunge tu. Ila si kwenye dashibodi. Huko ndiko wanakoanza kupekua."

Wakakificha ndani ya sponji ya kiti cha nyuma, kikiwa na betri yake na laini ya simu yenye bando.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliingia ofisi ya leseni kupeleka fomu. Alipotoka, pale alipoegesha palikuwa na doa la mafuta tu. Kisha akafungua simu. Kwenye ramani, nukta nyekundu ya kile kifaa ilikuwa inatembea.

Alimpigia shemeji yake.

"Usiwafuate peke yako!" shemeji akafoka.

"Nani kasema nawafuata? Niko mlangoni kwa polisi."

Askari wa zamu aliitazama simu, akakunja uso. Nukta ilikuwa imetulia. "Mama, hapa ni katikati ya mto."

"Kifaa hiki hukosea kidogo. Hata gari likiwa kwangu, hulionyesha sebuleni kwa jirani," alimjibu bila kupepesa macho. "Ng'ambo ya mto hakuna njia ya gari. Huku kuna mtaa wa mteremko, nafundishia pale kuondoa gari mlimani. Una mageti matatu. Mawili ni membamba, ni ya kupitisha pikipiki. La tatu ni la ghala la mbao lililofungwa."

Askari akachukua funguo. "Twende, utuonyeshe."

Mwalimu alibaki ndani ya gari la polisi, mikono imetulia magotini. Askari walipoingia ghalani, haikuchukua dakika kumi. Gari lake lilikuwa nyuma ya marundo ya mbao, namba zimeshang'olewa, na dashibodi iko wazi, nyaya zinaning'inia kama utumbo. Wanaume wawili walikutwa na bisibisi mkononi, bado wanakitafuta kifaa.

Shemeji alitengeneza nyaya zile kwa siku tatu. Safari hii hakutania, aliuliza tu vifaa vile vinauzwa duka gani.

Ijumaa mwalimu alirudi barabarani na muuguzi mmoja aliyekuwa akiogopa kurudisha gari nyuma. Tangu wiki hiyo aliongeza somo la mwisho kwa kila mwanafunzi: wapi pa kukificha kifaa, namna ya kuhakikisha bando halijaisha, na kwamba gari likiibwa, unakwenda kwa polisi, si kwa mwizi.