Kitambaa cha Mama Juu ya Seva

Nina hasira za karibu, na mdomo wangu hutangulia kichwa. Mtaani kwetu Viwanja Sitini wanalijua hilo, mama kuliko wote.

Seva yangu niliiweka sebuleni kwake: kompyuta mpakato kuukuu ya kuhudumia simu za watu kupitia mtandao, betri imekufa, inategemea umeme wa ukutani. Ndani yake kulikuwa na programu ya kwaya yetu ya kanisani, niliyoipanga kwenye kontena, yaani visanduku vya programu: kimoja kinatunza nyimbo, kingine kinazipeleka kwenye simu za wanakwaya. Hata walioko Kiberege na Malinyi walijifunzia sauti zao humo. Nilitamba sana kwamba sikodi seva ya kampuni yoyote. Mama alipoona nakiheshimu chombo kile, akakifumia kitambaa na kukifunika, kama anavyofunika redio yake.

Karibu na Pasaka nyimbo zikawa hazifunguki. Mwalimu wa kwaya na wanakwaya wawili wakaja kuuliza kulikoni. Nikagusa kitambaa, nikasikia joto. Sikufungua hata kifuniko cha kompyuta.

"Mama, nimekwambia mara ngapi usifunike hii kitu? Ona sasa, umeiunguza."

Sikuwahi kumwambia hata mara moja. Alikuwa amesimama na ungo wa mchele aliokuwa anauchambua. Wageni wakaangalia sakafu.

"Nisamehe, baba," alisema. Akaweka ungo chini, akakikunja kitambaa taratibu.

Walipoondoka ndipo nikachunguza. Kompyuta ilikuwa nzima. Asubuhi umeme ulikatika ukarudi. Kompyuta ikawaka, kontena hazikuwaka, kwa sababu mimi sikuandika mstari mmoja tu wa kuziagiza ziwake zenyewe. Nyani haoni kundule. Nikauandika, na nyimbo zikarudi hapo hapo.

Jioni nilimfuata jikoni nikamweleza yote. Akacheka. "Yameisha hayo, mwanangu."

Kwangu hayajaisha. Nilimgombeza mbele ya mwalimu wa kwaya, nikamwomba radhi mbele ya masufuria. Naona aibu, na kila nikipanga kuwaambia wale wageni watatu kwamba kosa lilikuwa langu, naanza kuzungumzia mazoezi.

Kitambaa mama hajakirudisha. Juzi nilikuwa nimeinama kwenye seva, nikageuka nikamkuta mlangoni mwa sebule yake mwenyewe, ufagio mkononi, amesimama sijui tangu saa ngapi.

"Naweza kupita, baba?"