Uji Niliuogopa, Aspirini Nikaiamini

Mimi ni mkulima wa kijiji cha Pito, nalima mahindi na ulezi. Kabla ya kuugua nilijulikana kwa mambo mawili: kubeba gunia bila msaada na kutomwamini mtu. Hilo la pili sijaliacha lote, nisiwadanganye.

Uvimbe niliugusa nikioga, titi la kushoto, mgumu kama punje ya hindi. Nikanyamaza. Chuchu ilipoingia ndani na kutoa majimaji yenye damu, mume wangu akanipeleka hospitali. Mbeya wakalikata titi, wakanitundikia dripu za dawa, nywele zikapukutika zote. Nilirudi nyumbani hai, na vidonge vya kumeza kila siku.

Leokadia, dada wa mume wangu, akaja kutoka Msanzi kunipikia. Tulikuwa hatuivi tangu harusi yangu. Nikajiuliza, upendo huu umetoka wapi? Kila asubuhi aliniletea uji wa ulezi, na kwa desturi yetu alionja kwanza mbele yangu, nijue hauna kitu. Nikawaza: mwenye sumu hakosi kinga yake. Akigeuka, naumwaga.

Siku hizohizo binti yangu Yustina akapiga simu. "Mama, nimesoma aspirini inazuia saratani ya titi isirudi."

Mwanangu wa kumzaa, nikaamini. Nikanunua dukani kimyakimya. Nikameza mbili asubuhi, mbili jioni, tumbo tupu. Hizo sikumwonjesha mtu.

Baada ya majuma machache tumbo likawaka moto. Choo kikawa cheusi kama lami, nikisimama naona giza. Nilipoanguka jikoni nikamwambia mume wangu, "Dada yako ameniua." Leokadia alikuwa palepale, akasikia. Alinishika kwapani, tukapanda bajaji.

Daktari akauliza, "Mama, unameza nini kingine?"

"Hakuna." Hata yeye nilimshuku, labda anatafuta pa kunilaumu.

"Wifi, kama kipo kitu, sema," Leokadia akasema. "Utakufa na siri yako."

Nikafungua pindo la kanga, nikatoa pakiti. Daktari akatikisa kichwa. "Hizi zimekuchubua tumbo, linavuja damu. Kuhusu saratani, watafiti bado wanachunguza, hatuna uhakika. Ungeniuliza kwanza."

Nikaongezewa damu, nikatibiwa kidonda cha tumbo. Leo nalima tena, na vipimo vinaonyesha saratani haijarudi. Namshukuru Mungu, na daktari pia, ingawa bado namuuliza jina la kila kidonge. Kina mama, ukigusa uvimbe usingoje kama mimi. Na usimfiche daktari unachomeza, hata kama umeambiwa na mwanao.

Nikiwa bado wodini nilimwambia Leokadia, "Nisamehe wifi, nilikudhania vibaya."

"Nilijua tangu juma la kwanza, uji uliokuwa unaumwaga niliuona."

Aibu ilinishika. "Sasa mbona hukurudi kwako?"

"Ningerudi," akasema, "ungesema sumu yangu imemaliza kazi."