Redio yetu ilikoroma kila wageni wakiingia, enzi za vita vya Kagera

Wakuu, wazee wenzangu hamjambo? Na nyie vijana leteni shikamoo yangu kwanza, ndipo tuanze.

Kuna kijana humu analalamika redio yake inakoroma akiwasha taa ya sebuleni. Mmemcheka weee! Mimi sikucheka. Haya yalinipata mwenyewe, sitii chumvi.

Wakati wa vita nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nina mimba, naishi kwa wakwe zangu Mbuba, kule Ngara. Mume wangu Deo alikuwa mstari wa mbele.

Barua hakuna. Tegemeo letu lilikuwa redio, maana jioni walisoma salamu za wapiganaji kwa ndugu zao.

Betri tulianika juani mpaka zikavimba na kutoa maji, na duka la kijiji halikuwa nazo. Bahati nzuri baba mkwe alikuwa mpishi wa misheni, nyumba yetu ikavutiwa umeme wa jenereta, wa jioni tu. Fundi wa misheni akatuunganishia redio kwenye soketi.

Basi, nyumba ikawa ya wote. Kila mwenye kijana vitani anakuja kusikiliza.

Sasa mama mkwe wangu alikuwa mtu wa watu. Tukiwa wenyewe tunakaa na koroboi, tusitumie umeme ovyo. Akisikia hodi tu: "Mke wa Deo, washa taa, watu wanaingia!" Nawasha tyubulaiti, ile ndefu nyeupe. Kumkalisha mgeni kwenye koroboi na taa ipo? Kwake hiyo ilikuwa aibu.

Redio nayo krrrrrr! Majina yanapita, husikii kitu.

Tulihangaika jamani. Tukaisogeza dirishani. Tukavuta waya wa eria mpaka kwenye mgomba. Tukaipiga makofi mgongoni, wapi!

Balozi wetu wa nyumba kumi akatoa hukumu: "Ni adui huyo, anatuzibia mawimbi."

Nani ambishie balozi, tena wakati wa vita? Mama mmoja jirani aliangua kilio pale pale. Mimi moyo ulikuwa juu kila siku. Deo akitusalimu na sisi tusisikie, tutajuaje kama yuko hai?

Jioni moja mvua ikanyesha, wageni wakachelewa. Tupo mimi na mama mkwe na koroboi letu, nikafungua redio. Sauti safi! Mtangazaji kama yuko jikoni kwetu.

Nikamwambia, "Mama, leo adui kapumzika." Akacheka.

Mara hodi, balozi na wenzake, wamelowa chapachapa. Nikawasha taa.

Krrrrrr!

Nikaganda, mkono kwenye swichi. Nikazima, safi. Nikawasha, krrrrr. Wakuu, adui alikuwa darini kwetu! Nikazima kabisa.

"We mke wa Deo! Unawazimia wageni taa? Kuna msiba hapa?"

"Nisamehe mama, sikilizeni kwanza."

Alishainuka kuja kuwasha mwenyewe, amekasirika kweli. Balozi akasema, "Mama Deo, hebu kaa." Mtangazaji alikuwa anaita majina ya watu wa Ngara.

Akasoma la mpiganaji mwingine, kisha akasoma la Deo wa Mbuba. Anawasalimu baba, mama na mke wake. Yeye ni mzima, hofu ni kwenu nyumbani. Mtoto akimtangulia kufika, mpokeeni.

Yebaba we! Nililia mpaka nikakaa sakafuni. Mama mkwe akanikumbatia, akasema, "Hiyo taa isiwashwe tena."

Fundi alikuja kutuambia stata ya tyubu, kile kidude cha kuiwashia, imechoka, inatupa kelele kwenye umeme ule ule wa redio. Akaibadilisha, ikatulia. Mama mkwe hakutaka kusikia. Wageni walikaa na koroboi hadi Deo aliporudi kwa miguu yake mwenyewe, akampakata binti yake.

Kwa hiyo kijana, usikimbilie kununua redio mpya. Zima kimoja kimoja, taa, chaja, friji, usikie kelele inakata wapi. Kifaa chenye kasoro ndicho ukishughulikie.

Deo yupo hapa pembeni, masikio mazito siku hizi. Taarifa ya habari imeanza, na taa kaizima kama kawaida yake, ingawa hizi za sasa hazina neno lolote. Naandika gizani. Nimemzoea, na wala siiwashi.

Haya, kwenu ni kifaa gani kiliwasumbua hivi? Semeni, nasoma.